Tusiwaambie wagonjwa wa uchovu sugu wajikaze

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo lililonichukua miaka mingi kulielewa, na ambalo naamini linawatesa watu wengi kimyakimya, hasa huku kwetu Kilimanjaro ambako mtu huheshimiwa kwa kuamka alfajiri na kupandisha mlima akiwa na mzigo kichwani. Ninazungumzia uchovu usioisha, ule ambao mtu hulala usiku mzima na kuamka akiwa amechoka kuliko alivyokuwa wakati anapanda kitandani.

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mkazi wa Kibosho. Wakati wa masika ya mwaka 2019 niliugua homa kwa wiki mbili. Nilipewa dawa za malaria mara mbili, ingawa mara ya pili kipimo hakikuonyesha vimelea vyovyote. Homa iliondoka, lakini nguvu zangu hazikurudi. Mwezi ulipita, kisha miezi mitatu, na kila aliyenitembelea alikuwa na neno lile lile: jikaze mama, ukilala sana utazoea kulala.

Nikajikaza. Hilo ndilo kosa ninalotaka wengine waepushwe nalo. Niliamua kutembea kila jioni na kuongeza umbali kidogo kidogo, kwa kuwa nilidhani mwili umelegea kwa kukaa. Jumamosi moja nilipojisikia nafuu nikafua mashuka yote ya nyumbani, nikadeki, nikapika. Jumapili nilikwenda kanisani. Jumatatu nilisimama mbele ya darasa la nne nikiwa na chaki mkononi, nikashindwa kabisa kukumbuka saba mara nane ni ngapi. Watoto walinitazama wakidhani ninawajaribu. Miguu ilikuwa ikitetemeka, koo linauma, na mwanga wa dirishani ulinichoma macho. Nililala siku kumi na moja. Sikuyahusisha mashuka na maradhi yale, kwa sababu ilipita siku nzima kati ya kazi na kuanguka kwangu, na hapo ndipo ugonjwa huu unapomdanganya mtu: adhabu haiji ukiwa bado kwenye beseni, huja kesho yake au keshokutwa, wakati umeshajisifu kwamba umepona.

Daktari aliyenisikiliza hadi mwisho nilimpata baada ya mwaka na nusu. Hakuanza kwa kunipa jina la ugonjwa, bali kwa kupima. Aliangalia wingi wa damu, sukari, figo, ini, homoni za tezi ya shingo, Virusi vya Ukimwi, kifua kikuu na brusela, kwa sababu yote hayo huchosha na mengi yana tiba yake. Ninasisitiza hatua hii, maana nimeona watu wakinunua vidonge vya kuongeza damu bila kujua damu yao ni kiasi gani, na vijana wakinywa vinywaji vya kuongeza nguvu ili wamalize zamu, jambo ambalo kwa mgonjwa wa aina yangu ni sawa na kukopa kwa riba usiyoweza kuilipa. Majibu yangu yote yalipokuja yakiwa salama, hakuniambia kwamba basi sina kitu. Aliniambia kwamba upo ugonjwa wa uchovu sugu, kwamba Shirika la Afya Duniani limeuweka katika orodha ya magonjwa ya mfumo wa fahamu tangu mwaka 1969, na kwamba hadi leo hakuna kipimo cha maabara cha kuuthibitisha wala dawa ya kuuponya. Hutambuliwa kwa historia ya mgonjwa: uchovu mzito uliodumu miezi sita au zaidi, usingizi usioburudisha, akili kuwa nzito au kizunguzungu unaposimama, na zaidi ya yote kule kuporomoka baada ya shughuli ndogo.

Aliniambia pia jambo linalotuhusu sisi wa Moshi moja kwa moja. Utafiti uliofanywa katika hospitali mbili za mji wetu mwaka 2007 na 2008, na kuchapishwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliolazwa kwa homa waliandikiwa malaria, lakini waliokuwa nayo kweli hawakufika hata wawili katika kila mia. Miongoni mwa wengine walikuwamo wenye homa ya Q, leptospirosisi na brusela, magonjwa tunayoyapata kwa mifugo, nasi tunafuga ng'ombe na mbuzi mita chache kutoka mlangoni. Huko Dubbo, Australia, watafiti waliowafuatilia watu waliougua homa ya Q na maambukizi mengine mawili walieleza mwaka 2006 kwamba baada ya miezi sita zaidi ya mmoja katika kila kumi alikuwa bado na uchovu wa kumlemaza. Sisemi kwamba mimi niliugua homa ya Q, kwa kuwa sikupimwa. Ninasema kwamba homa inayoacha uchovu nyuma yake si hadithi, na waliobaki na maradhi ya muda mrefu baada ya UVIKO-19 wanalijua hilo vizuri.

Kuhusu mazoezi, nawaomba wahudumu wa afya wanisikilize kwa makini. Kwa miaka mingi hata Uingereza wagonjwa wa namna hii walishauriwa kuongeza mazoezi kwa ratiba maalumu, hivyo hivyo nilivyofanya mimi kwa ujinga wangu. Mwaka 2021 taasisi ya nchi hiyo inayotoa miongozo ya tiba, NICE, iliuondoa ushauri huo na kuelekeza kwamba mgonjwa aishi ndani ya kiwango cha nguvu alizonazo. Ushauri wa mazoezi unafaa kwa magonjwa mengi, wala siupingi. Kwa ugonjwa huu unaweza kumshusha mtu kutoka kwenye kutembea hadi kitandani.

Kuishi ndani ya kiwango cha nguvu nilikujifunza kwa daftari. Kwa wiki sita niliandika kila nilichofanya, saa ngapi nililala, na siku ya pili na ya tatu nilijisikiaje. Daftari lile lilinionyesha kwamba nikisimama zaidi ya dakika ishirini mfululizo, nitalipa. Basi nikaanza kukaa. Ninaoga nikiwa juu ya kigoda. Ndizi za mtori namenya nikiwa nimeegemea ukuta, nusu ya chane, kisha najinyoosha robo saa kabla ya kumalizia nyingine, hata kama sijachoka. Hapo kwenye "hata kama sijachoka" ndipo palipokuwa pagumu kuliko pote, kwa kuwa nimelelewa kupumzika kazi ikiisha, na sasa nilitakiwa kupumzika ili uchovu usifike kabisa. Kusoma barua na kuzungumza na wageni nako nilijifunza kukuhesabu, maana akili hula nguvu ile ile ya miguu.

Miezi minne ya mwanzo sikuona badiliko ila moja: niliacha kuporomoka. Mwili ulipotulia hivyo kwa muda ndipo nilipoongeza kitu kidogo, kufika kwenye mfereji wa jirani na kurudi, nikasubiri siku tatu kuona kama kuna deni, nikarudia. Wiki mbaya ilipokuja nilipunguza bila kujilaumu. Leo ninafundisha vipindi vitatu kwa siku nikiwa nimekaa, ninasahihisha madaftari kwa mafungu, na naweza kwenda mjini kwa daladala mara moja kwa wiki nikijua kesho yake ni ya kulala. Sijapona. Wapo pia wagonjwa ambao hata kwa uangalifu wote huu hawatoki kitandani, na si haki kuwapima kwa nafuu yangu.

Nafuu hii nisingeipata peke yangu. Mwanzoni kazini niliitwa mvivu mbele ya wenzangu, nami nililia njia nzima kurudi nyumbani. Mwalimu mkuu aliyekuja baadaye alihamishia darasa langu karibu na ofisi na kupanga vipindi vyangu vyote asubuhi, mabadiliko ambayo hayakuigharimu shule hata shilingi moja. Nyumbani, mama mkwe ambaye zamani aliamini nimerogwa ndiye sasa anayewazuia wageni mlangoni na kuwaambia, "Mama yenu amepumzika, kaeni na mimi kwanza." Desemba iliyopita, ndugu walipopanda kutoka Dar es Salaam na nyumba ikajaa, nilihudhuria kikao cha ukoo kwa saa moja, nikaenda kulala chumba cha nyuma, nikarudi wakati wa kula. Hakuna aliyeuliza. Kwa mgonjwa wa uchovu, kutoulizwa ni msaada mkubwa.

Ombi langu kwako, Mhariri, ni kwamba safu yako ya afya imtafute daktari bingwa aeleze ugonjwa huu kwa Kiswahili chepesi, aseme vipimo gani vifanyike kwanza na ni lini mgonjwa aambiwe apumzike badala ya kukimbia. Kwa wasomaji wa Moshi na Arusha wenye hali kama yangu, nendeni mkapimwe, na mkienda chukueni daftari la wiki mbili lenye saa za usingizi, shughuli za kila siku na jinsi mlivyoamka siku mbili baadaye. Dakika kumi mbele ya daktari hazitoshi kusimulia mwaka mzima, lakini kurasa hizo anaweza kuzisoma mkiwa mmekaa.

Mwalimu wa shule ya msingi,
Kibosho, Moshi