Fundi aandike kwanza, ndo ashike bisibisi

Mhariri, salaam aleikum, na poleni na kazi. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua niseme hili la laptopu, waranti na mafundi wetu hapa Tanga, maana watu wanaumia halafu wananyamaza. Mie nina steshenari Ngamiani, kutwa nzima napokea wanafunzi wa vyuo, walimu, makarani, wanakuja kuprinti na kuskani, na wengi wao wakifungua begi inatoka mashine iliyofungwa selotepu au isiyowaka mpaka chaja uishikilie kwa mkono. Ukiuliza imekuwaje, maelezo ni yale yale: nilinunua dukani nikaambiwa ina waranti, ikafa nikairudisha nikaambiwa tatizo hilo halihusiki, nikapeleka kwa fundi ikarudi mbovu zaidi ya ilivyoenda.

Ninavyoona mie, duka au fundi wa kuaminika unamjua kwa kile anachokuandikia kabla hajashika bisibisi. Ukubwa wa duka hauoneshi kitu, AC haioneshi kitu, na zile stika za makampuni mlangoni ndo kabisa, stika mtu yoyote anaprinti, nyingine wanakuja kuziprintia kwangu.

Nitoe mfano wa nyumbani. Binti wa dada yangu yuko chuo, bumu, yani hela ya mkopo wa wanafunzi, lilipotoka akaenda duka moja mjini akachukua laptopu ya mtumba, kijana wa mauzo akamwambia ina waranti ya miezi sita, akafurahi. Haikufika hata nusu ya hiyo miezi kioo kikaanza mistari ya kijani kutoka juu mpaka chini, ukikigusa kidogo mistari inahama. Tukarudi dukani kwa adabu zote. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, anayo, nzuri tu, lakini imeandikwa laptop na bei basi, hamna modeli, hamna serial namba, na chini wamegonga muhuri kwamba mali ikishauzwa hairudishwi. Mwenye duka akauliza, nitajuaje kama mashine hii ndo ile niliyouza mie? Na huyo kijana aliyekwambia miezi sita ni nani, mbona hapa alishaacha kazi. Yani tulikuwa na haki yote na hatuna cha kuonesha mkononi. TRA wanasema ukiuza toa risiti ukinunua dai risiti, naunga mkono asilimia mia, ila risiti ile inaonesha kwamba hela imelipwa, haioneshi umechukua mashine ipi kati ya zile ishirini zilizopangwa pale mezani zote sura moja.

Kinachotenganisha mashine yako na nyingine ni serial namba. Igeuze chini utaiona, kwa Dell ni ile ya herufi na tarakimu saba wanaiita Service Tag, HP na Lenovo nao wana ya kwao. Ukiingia kwenye tovuti ya kampuni husika sehemu ya waranti ukaiandika hiyo namba unaoneshwa waranti ya kiwandani inaisha lini au ilishaisha lini, bure, hata kwa simu, ukiwa umesimama hapo hapo dukani. Fanyeni hivyo jamani. Hizi EliteBook za HP, Latitude za Dell na ThinkPad za Lenovo zinazouzwa kwetu nyingi zilikuwa mashine za maofisini huko Ulaya na Marekani, zikatumika miaka yake, zikauzwa kwa mafungu zikapitia Dubai ndo zikatufikia. Wakati mwingine unaijua hata kwa kibodi, imebandikwa vistika vya herufi, ukibandua kimoja unakuta Y na Z zimebadilishana sehemu, hiyo ilikuwa inatumika Ujerumani au karibu na huko. Sio kwamba ni mbaya, mie mwenyewe ofisini natumia za hivyo na ni ngumu kuliko nyingi mpya za bei ya chini. Ila ni vizuri ujue kwamba waranti ya kiwanda hapo kwa kawaida ilishakwisha, iliyobaki ni ya mwenye duka peke yake, na ya mwenye duka ni ile aliyoiandika, ya mdomo usiihesabu.

Halafu kabla hujalipa omba uipime. Fungua Command Prompt, kile kidirisha cheusi cha kuandikia amri kwenye Windows, uandike powercfg /batteryreport, itakutengenezea faili, uifungue uangalie sehemu mbili tu, uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani na uwezo ilionao saa hizi ikijaa. Ukikuta kiwandani ilikuwa 50,000 na leo ikijaa inafika 18,000 basi hiyo betri imebaki jina, dai ibadilishwe au bei ishuke. Ni dakika tano tu. Muuzaji mkweli atakuachia nafasi na atasubiri, anayekasirika ukitaka kupima mali kabla ya kuilipia, we ondoka.

Na hicho kikaratasi cha waranti kikitolewa soma kisichohusika. Karibu zote zinakataa maji, kuanguka na umeme, na hapa kwetu Tanga umeme ukikatika ukarudi unaweza kurudi kwa kishindo, kwahiyo mtu anaunguza chaja au mazabodi, ile bodi kuu ya ndani, wiki ya pili na waranti yake haina kazi tena. Muulize muuzaji kabisa, umeme ukiiua inakuwaje, akuandikie jibu. Pia kuna hili la bahari ambalo wauzaji hawaligusi. Niliwahi kusimama na fundi mmoja akifungua mashine ya mteja wangu anayekaa Raskazone, akamulika kwa tochi ya simu pembeni ya tundu la chaja, pale chini ya kibodi pamejaa unga wa kijani uliochanganyika na weupe, kutu ya shaba hiyo, unyevu na chumvi ya hewa vimekula taratibu. Akachukua mswaki na spiriti akasugua kidogo kidogo, akatuambia sehemu hii nimeisafisha, ila hii njia ya shaba imekatika, nitajaribu kuiunga lakini siahidi, na yale maneno ya siahidi akayaandika kwenye karatasi yake na bei ya kujaribu. Mashine ilipona, lakini hata isingepona yule ningemwamini tu, maana tulijua mapema tunachokilipia.

Sasa hapo ndo nataka mafundi wote wafike. Mtu akileta mashine andika aina yake, serial namba, RAM kiasi gani, diski ya aina gani na ukubwa gani, ina ufa wapi, inasumbua nini, kuikagua ni bei gani hata kama mteja hatatengeneza, na kwamba gharama ikizidi hapa utampigia kwanza. Ikitoka, andika ulichobadilisha, spea ina waranti ya muda gani na kazi yako ya mkono muda gani, maana hivyo ni vitu viwili, spea inaweza kuwa nzima ila iliungwa vibaya. Na ile spea mbovu uliyoitoa mrudishie mwenyewe, ni mali yake, akitaka kuitupa aitupe ye. Karatasi moja tu, nakala mbili. Mie nina wateja mashine zao ziliingia kwa fundi na RAM ya 8GB zikatoka na 4, wakagundua baada ya miezi kwa sababu mashine imekuwa nzito, na hapo utamshtaki nani. Ukienda kuchukua mashine yako bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, ingia Performance, angalia Memory, ndo RAM yenyewe, na diski, linganisha na karatasi kabla hujatoa hela.

Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni, mafundi nao wanaonewa. Spea anaagiza Kariakoo, akiipokea mbovu muuzaji wa kule hairudishi, hasara yake. Mteja anamwagia chai kibodi halafu anasema ilizima yenyewe. Mwingine anaacha mashine miezi na miezi, siku akija anadai ufa wa kioo haukuwepo. Na sisi wateja tunabana bei mpaka fundi anatafuta kioo cha bei ya chini kuliko vyote ili na ye abakiwe na chochote, halafu tunashangaa rangi zimefifia. Hiyo karatasi ndo inayomlinda na fundi pia, ufa ukiandikwa siku ya kwanza hakuna ugomvi siku ya mwisho. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari.

Kuna jambo zito zaidi kuliko mashine yenyewe, nalo ni vilivyomo ndani. Kabla hujaipeleka popote hamisha kazi zako kwenye diski ya nje au flashi, kama bado inawaka, na kama haiwaki mwambie fundi kabisa kwamba vilivyomo vinahitajika asije akapiga Windows upya. Hilo nalo liandikwe. Nimeona mwanafunzi analia kwenye kiti changu, tasnifu yote imeenda kwa sababu fundi aliona njia rahisi ya kuondoa virusi ni kufuta kila kitu. Na mashine nyingi za siku hizi zina kufuli la BitLocker ambalo mwenyewe hata hajui lipo, ukibadilishiwa mazabodi unawasha inakudai namba ya tarakimu 48, huna, basi vyote vilivyomo ndo kwaheri. Hiyo namba mara nyingi imehifadhiwa kwenye akaunti yako ya Microsoft, au kwa watu wa IT kama mashine ni ya ofisi, itafuteni mapema muiandike pembeni. Fundi anayekuuliza kuhusu BitLocker kabla hajafungua kitu huyo anajua kazi, mshike.

Paswedi nayo. Kubadilisha kioo, betri, kibodi au tundu la chaja hakuhitaji paswedi yako, fundi anaweza kuangalia kama vinafanya kazi bila kuingia kwenye mafaili yako, au we mwenyewe ukaiandika mbele yake siku ya kuchukua. Dada zangu hili nawaambia nyie zaidi, picha za familia na za harusi zisiachwe wazi barazani kwa mtu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu mwaka 2022, na fundi anayechungulia au kunakili vitu vya mteja ajue hiyo sio utani. Na yale madirisha yanayotokea ghafla kwenye kioo kwamba mashine yako ina virusi piga namba hii ya Microsoft, msipige, Microsoft hawaweki namba ya simu kwenye ujumbe wao wa hitilafu, mtu akikwambia uweke AnyDesk, programu ya kuendesha mashine yako akiwa mbali, akusaidie na we hukumtafuta, funga.

Niguse na hili la Windows maana watu wanapigwa hela. Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, sasa kila kona unaambiwa lete tukupigie 11. Windows 11 inataka TPM 2.0, yani chipu ya usalama ndani ya mashine, na kwa prosesa, ubongo wa mashine, za Intel kwa ujumla kuanzia kizazi cha nane kwenda juu. Mashine ya kizazi cha tano au cha sita inaweza kulazimishwa ikakubali, lakini Microsoft haitambui, na hawakuhakikishii kwamba itaendelea kupata masasisho. Fundi wa haki atakwambia hivyo kabla, uchague mwenyewe. Na muuzaji anayekuuzia leo ya kizazi cha sita kwa bei ya kizazi cha nane anakuonea, muulize prosesa ni ipi na aiandike kwenye risiti.

Haki za mlaji zipo kisheria. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, ambayo FCC, yani Tume ya Ushindani, ndo wasimamizi wake, inakataza mfanyabiashara kumdanganya au kumpotosha mnunuzi, na malalamiko wanapokea. Lakini malalamiko ya maneno matupu yanaishia njiani, tulishaona kwa binti wa dada yangu. Ndo maana nang'ang'ania maandishi.

Ombi langu ni kwa ofisi ya biashara ya Jiji letu, mnapotoa au kuhuisha leseni za maduka ya kompyuta na mafundi, wekeni sharti dogo tu kwamba kila duka libandike ukutani waranti yake inahusu nini na haihusu nini, na kila mashine inayouzwa au kupokelewa iandikiwe serial namba. Na wenye maduka msingoje kulazimishwa, hata nyuma ya risiti kwa kalamu inatosha, serial, tarehe, muda wa waranti, sahihi. Anayetaka fomu ya kuanzia aje nimtengenezee aondoke nayo, sitamtoza. Muhimu iwe tayari kabla bumu lijalo halijatoka, maana siku hizo ndo watoto wanapanga foleni kununua.

Mwenye steshenari,
Ngamiani, Tanga