Wauza maharage, andikeni mwezi wa mavuno

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua niseme na wauza nafaka pamoja na wateja wao. Maharage yakikataa kuiva tunalaumu mkaa, tunalaumu sufuria, tunamlaumu mpishi. Mara nyingi kosa ni la umri wa maharage yenyewe na mahali yalikohifadhiwa. Kwa hiyo naomba kila gunia linalofunguliwa sokoni lichomekwe kipande cha boksi kilichoandikwa mwezi wa mavuno na wilaya yalikotoka, kama linavyochomekwa bei.

Maharage yakilala miezi mingi kwenye ghala lenye joto na unyevu hubadilika kwa ndani. Kuna gundi inayoshikanisha chembe za punje, na kwenye maharage mapya gundi hiyo huyeyuka maji yanapochemka. Kwenye maharage yaliyochakaa hukamatana na madini ya kalisi, ikawa haiyeyuki tena. Utapika saa tatu, ganda litapasuka, na katikati patabaki pagumu kama chaki. Maharage ya msimu huu, yakilowekwa usiku kucha, kwa kawaida huiva kwa saa moja hadi moja na nusu. Tofauti hiyo ni mkaa, na mkaa ni pesa.

Linaloumiza zaidi ni kuchanganya. Nusu gunia lililobaki mwaka jana linamwagiwa la mwaka huu, yanakorogwa, yanauzwa kwa bei moja. Mpishi hana ujanja hapo: mapya yatavurugika kuwa uji wakati ya zamani bado yanagonga meno. Heri gunia zima la zamani, maana angalau yataiva pamoja.

Mnunuzi naye asichague kwa mng'ao. Chota kiganja, yatandaze juu ya kitambaa cheupe, utazame kama rangi inalingana. Mekundu yanayozeeka hufifia kuwa kahawia, na yale ya mabaka hupoteza weupe wake kwanza. Mchanganyiko wa yaliyokolea rangi na yaliyofifia ni dalili ya magunia mawili. Sugua machache kwenye karatasi. Ikibaki alama ya mafuta, acha, yamepakwa ili yang'ae. Uma punje moja: ikivunjika kwa mlio ni kavu, ikibonyea na kuacha alama ya jino ina unyevu, unauziwa maji na yataota kuvu. Tundu la mviringo ni mlango aliotokea fukusi, na vidoa vyeupe vilivyogandamana na ganda ni mayai yake. Kisha zamisha mkono hadi katikati ya gunia. Pakiwa na joto kuliko juu, wadudu au ukungu wamo kazini.

Kabla ya kununua debe, nunua robo kilo ukaijaribu. Loweka usiku, asubuhi hesabu punje zilizobaki ndogo na ngumu kama changarawe. Usiishie hapo, kwa sababu maharage yaliyochakaa yanaweza kuvimba vizuri na bado yasilainike. Yapike saa moja na nusu, toa punje kumi, zibonyeze moja moja kwa vidole viwili. Zikiwa tatu au nne zina kiini kigumu, usirudi kwa muuzaji yule.

Kuhusu aina, kwa wali nachagua Lyamungo 90, yenye mabaka mekundu: hushika umbo na mchuzi wake huwa mzito. Mekundu matupu, yale makubwa yenye umbo la figo, hutoa mchuzi wenye rangi nzuri kuliko yote ila ganda lake ni nene na yanataka muda. Njano ni ghali, lakini huiva upesi, na kwa mama lishe anayepika kila siku bei hiyo hujilipa jikoni. Kablanketi ni tamu na nayo haichelewi.

Wapenzi wa mekundu wazingatie hili. Yakiwa mabichi yana sumu ya asili. Punje nne au tano zinaweza kumtapisha na kumharisha mtu ndani ya saa chache. Yaloweke si chini ya saa tano, mwaga maji hayo, weka mapya, uyachemshe kwa nguvu dakika 30. Joto lisilofika mchemko haliiui sumu hiyo, na linaweza hata kuizidisha. Anayetumia kapu la kuhifadhi joto au jungu la umeme la kupika polepole lazima achemshe kwanza juu ya moto mkali.

Chumvi ndani ya maji ya kulowekea haidhuru, hulainisha ganda: kijiko kimoja cha mezani kwa lita mbili kinatosha. Nyanya, ndimu na ukwaju vingoje maharage yalainike, maana uchachu huyakaza. Magadi huyasaidia ya zamani, robo kijiko cha chai kwa kilo. Ukizidisha yanaonja sabuni, na vitamini B1 inaharibika.

Najua wafanyabiashara watauliza, tukiandika mwezi, ya zamani atanunua nani? Wapo wanunuzi. Wenye sufuria za presha wanayamudu, mradi wayajue yalivyo na bei ipungue. Na atakayehifadhi ya mwaka huu ndani ya mifuko isiyopitisha hewa, yakiwa makavu sawasawa, atawanyima fukusi pumzi, kisha alipange gunia mahali penye ubaridi, mbali na bati linalochomwa na jua. Huyo miezi sita baadaye ataandika mwezi wa mavuno bila wasiwasi.

Mpishi wa mgahawa,
Morogoro