Kabla Hujalipia Hiyo Saa

Mwanangu mpendwa,

Picha ya ile saa ya wazamiaji unayotaka kununua nimeiona. Mama yako alipoisikia bei aliuliza kama inapika pia. Mimi sikuzuii, fedha ni jasho lako na deni la mtu huna. Ila nisikilize kwanza.

Saa za aina hiyo ziliundwa kwa ajili ya watu wanaozamia majini. Mwaka 1953 kampuni ya saa ya Blancpain ilitoa saa iitwayo Fifty Fathoms, na Rolex nao wakaunda Submariner. Lile duara la nje, ambalo mzamiaji hulipanga ili ahesabu muda wake majini, huzunguka upande mmoja tu, kinyume na mwendo wa mishale. Likigongwa kwa bahati mbaya, mzamiaji ataona muda mwingi zaidi umepita, apande juu mapema hewa ikiwa bado ipo mtungini. Akili hiyo naipenda kuliko dhahabu zote wanazozipaka!

Sasa sisi maji yetu ni bwawa la Hombolo, na hata humo mimi naishia magotini. Hizo mita 300 za kina cha maji zilizoandikwa kwenye saa zisikubabaishe. Kinachozuia maji ni viraba vidogo ndani, na raba huzeeka. Saa ya mtumba iliyoandikwa mita 300 inaweza kuingiza hata maji ya kunawa, hasa kile kitufe cha pembeni kisipokazwa mpaka mwisho.

Tena saa hiyo ni otomatiki, yaani haina betri. Mkono ukitikisika, kisahani kizito ndani huzunguka na kukaza springi. Ukiivua ukaiweka mezani, baada ya siku mbili tatu itasimama. Tena inaweza kupoteza sekunde kadhaa kwa siku, wakati ile ya betri ya soko la Majengo inakwenda sawasawa. Kama hilo litakukera, acha.

Halafu usiniambie mshale wa sekunde unateleza, kwa hiyo ni halisi. Feki zenye mashine ya otomatiki nazo huteleza. Huyo muuzaji wa mtandaoni anayetaka kianzio leo jioni, mwambie mkutane kwa fundi anayezijua, afungue mfuniko wa nyuma mbele yako, akague mashine, kisha aipime kwa presha. Akikataa, rudi nyumbani na hela yako.

Uliza pia gharama ya matengenezo, maana kila baada ya miaka kadhaa lazima ifunguliwe, isafishwe, itiwe mafuta na raba mpya. Fundi wetu wa kibarazani ni mtu mwema, lakini kipimo cha presha hana.

Nijibu hilo la matengenezo kabla hujatuma hata shilingi.

Baba yako,
Hombolo