Msituhesabie makala, tuambieni yanasema nini

Mhariri,

Nimesoma habari yenu ya wiki jana juu ya daktari mtafiti wa picha za hospitalini za watoto, kama eksirei. Mwandishi wenu katutajia idadi ya makala yake, majarida yaliyoyachapa, mpaka ile alama wanayoiita "h". Nikafika mwisho, nikageuza ukurasa nikitafuta: sasa huyu daktari kagundua nini? Hakuna. Ni sawa na kumsifia mkulima wa Mbozi kwa wingi wa magunia, wala hujafungua hata moja kuona kama ndani ni kahawa au pumba.

Nimepiga eksirei miaka mingi huku Nyanda za Juu Kusini. Sasa nimestaafu, nalima viazi Uyole. Hiyo "h" naijua kidogo. Aliibuni mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005: mwenye h ya 20 ana makala 20 ambayo kila moja limetajwa na wenzake angalau mara 20. Si jambo baya. Lakini hata makala linalopingwa hutajwa, tena sana.

Mwaka 1946 daktari wa Marekani, John Caffey, aliandika kuhusu watoto wachanga sita tu. Walikuwa na damu iliyovujia kichwani, na eksirei zikaonyesha mifupa ya mikono na miguu imevunjika, ilhali hakuna aliyeeleza ajali yoyote. Miaka 16 baadaye, daktari mwingine wa huko, Kempe, na wenzake wakaliita jambo hilo kwa jina lake: mtoto aliyepigwa. Leo, katika nchi nyingi, daktari akiona picha ya namna hiyo hawezi kunyamaza. Kwa hesabu za mwandishi wenu, hilo la Caffey ni makala moja.

Kuna lingine lililonigusa mwenyewe. Mwaka 2001 jarida moja la Marekani lilichapa utafiti ulioonyesha kwamba watoto walikuwa wakipigwa siti-skani, yaani eksirei ya kompyuta inayoonyesha mwili kipande kwa kipande, kwa vipimo vilevile vya mionzi vya watu wazima, mashine haikurekebishwa. Toleo hilohilo lilikuwa na makadirio ya hatari ya saratani kwa watoto hao. Mwaka 2008 ikaanza huko kampeni ya Image Gently, ya kuwapunguzia watoto mionzi.

Nilipoyasikia hayo nilijiona mimi. Kituo nilikoanzia kazi, chati ya ukutani ya namba za kuweka kwenye mashine ilikuwa ya watu wazima peke yao. Juni na Julai, baridi ya huku mnaijua, foleni ya watoto wa kikohozi inafika nje. Tulikadiria kwa macho. Ukikosea au mtoto akitikisika, picha inakuwa na ukungu, unarudia, na mtoto anakula mionzi mara mbili. Aproni ya madini ya risasi, ya kuzuia mionzi, ilikuwa moja. Akivaa mama anayemshika mtoto, wewe ujifiche nyuma ya ukuta. Mzee mmoja aliyenitangulia ndiye aliyenifundisha kumfunga mtoto kwa kanga ya mama yake, mikono juu, halafu nisihangaike kumnyamazisha: akilia, lazima atavuta pumzi ndefu, na hapo ndipo unapobonyeza. Mapafu yanajaa hewa, picha inatoka safi. Mzee yule hakuwa na makala hata moja.

Simdharau daktari wenu. Huenda makala yake ni dhahabu tupu. Ila nilimwomba kijana wangu aniletee moja kwenye simu; tukasoma muhtasari, kisha tukaambiwa tulipe dola ndipo tuone lililobaki. Basi gazeti ndilo lingetusomea. Mkikutana naye tena, muulizeni ni watoto gani aliowapima, kwa mashine gani, na yule aliyeko chumba cha picha afanye nini tofauti kesho asubuhi.

Na kama daktari mwenyewe anawasoma, nina swali langu la zamani. Mtoto wa kilo nane, kifua, mashine kuukuu ya filamu, umeme unapandashuka: niweke ngapi? Anitajie ni makala yake lipi lenye jibu, hizo dola nitalipa.

Mpiga eksirei mstaafu,
Uyole, Mbeya