Mwanangu, simu isilale na wewe

Mwanangu, baba,

Natumai Dodoma umefika salama, huku Chumbageni sote wazima, bibi yako anakusalimu sana na anauliza vile visheti vimefika au vimevunjika njiani. Nakuandikia kwasababu likizo yote nlikuwa nataka tuongee na kila nikianza mara mgeni kaingia mara we umetoka, sasa naomba usome mpaka mwisho.

Ni habari ya simu, hasa simu ya usiku. Nlikuwa nikiamka saa nane kwenda msalani napita mlangoni kwako naona chandarua chote kinawaka bluu, we umelala ubavu, shingo umeikunja, kidole gumba ndo kinachotembea tu. Asubuhi macho mekundu, chai unakunywa saa tano, kichwa kinauma unaomba dawa. Baba, hicho kichwa kinataka usingizi.

Najua chanzo ni haya mabando ya usiku, kuanzia saa sita yanakuwa bei chee na vijana wote mnaisubiria hiyo saa. Lakini giza likiingia mwili unatoa homoni inaitwa melatonini, hiyo ndo inauambia mwili saa ya kulala imefika, sasa ukijimulika usoni na ule mwanga, hasa huo wa bluu, ubongo unaona bado mchana na homoni inachelewa, ndo mana ata ukishaizima simu unabaki unagaragara. Alafu klipu moja inaita nyingine, huyu kaposti hiki yule kajibu vile, moyo unabaki juujuu. Mtu mzima anatakiwa apate angalau saa 7 za usingizi, we unalala saa tisa na kipindi kinaanza saa mbili asubuhi, hesabu mwenyewe unabakiwa na ngapi.

Macho nayo, ukikodolea skrini unapepesa mara chache kuliko kawaida, yanakauka, ndo ule mchanga unaosema unausikia. Ukiwa unasoma kwenye laptop kila baada ya dakika 20 inua macho uangalie kitu cha mbali, mita 6 hivi, kwa sekunde 20. Na simu inyanyue iwe usawa wa uso, kichwa ni kama kilo 5 na kadri unavyokiinamisha ndo shingo inavyozidi kubeba.

Kuna kitu kiliniuma sikukwambia. Ile siku tumeenda Raskazone na wadogo zako, we ndo uliyewafundisha kuogelea pale, wanakuita njoo, njoo, unawajibu nakuja, umekaa ukutani na simu mpaka maji yamekupwa tukarudi nyumbani ata miguu hujalowesha. Mdogo wako wa mwisho usiku akaniuliza kaka kakasirika? Nikakosa la kumjibu.

Sikwambii uache simu, masomo yako humo na sisi tunakupata humo humo. Ninachoomba ni hiki kimoja, saa nne usiku simu iondoke kitandani. Uliniambia soketi ya chumba chenu cha hosteli iko karibu na mlango, basi iweke chaji pale ilale pale, usivute waya mpaka kitandani. Notifikesheni za magrupu zima, acha za chuo na za nyumbani. Na ingia kwenye settingi, kuna sehemu inakuonyesha kwa siku umekaa masaa mangapi na kwenye programu gani, ziangalie we mwenyewe, sitaki unitumie. Jioni badala ya kujilaza nayo toka ukacheze mpira na wenzio, usingizi utakuja wenyewe.

Najua utasema simu ndo inayokuamsha. Nimekununulia saa ya mezani ya kengele hapa Ngamiani, nimeifunga vizuri na betri zake, Ijumaa nampa konda wa basi, kaipokee stendi ya Nane Nane. Ikifika niambie.

Mama ako