Futeni neno "tu" kwenye habari ya Willie O'Ree

Ndugu Mhariri,

Nalisoma gazeti lako mwaka wa kumi na tisa huu na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Lakini ile habari fupi mliyoitoa kwenye ukurasa wa michezo kuhusu Willie O'Ree, Mkanada aliyekuwa mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL, ligi kuu ya magongo ya barafuni huko Amerika Kaskazini, imenikaa kooni mpaka leo. Mwandishi wenu anasema O'Ree alicheza mechi 45 tu akafunga mabao manne tu. "Tu" mbili ndani ya sentensi moja, halafu mwandishi huyo akahamia kwenye habari za usajili wa wachezaji wa Ulaya.

Mechi 45 ni kweli, sibishi. Mbili ni za Januari 1958, ya kwanza tarehe 18 mjini Montreal, timu yake ya Boston Bruins iliposhinda 3-0. Nyingine 43 ni za msimu wa 1960-61. Ila enzi hizo ligi nzima ilikuwa na timu sita. Kupata namba hapo kulimshinda hata mzungu mwenye macho yake mawili.

Na hapo kwenye macho ndipo mlipokosea zaidi, kwa sababu hamkusema lolote. Kabla ya usiku ule wa Montreal, akiwa kijana wa miaka ishirini hivi anacheza ligi ya vijana huko Ontario, kile kisahani kigumu wanachokipiga kwa magongo kilimpiga usoni. Jicho la kulia likafa karibu lote. Daktari akamwambia mchezo umekwisha, na kanuni za ligi kuu hazikuruhusu mtu wa jicho moja. O'Ree hakungoja, alirudi uwanjani baada ya wiki chache. Siri hiyo akamwambia dada yake, basi. Alikuwa winga wa kushoto, kwa hiyo pasi zilimjia kutokea kulia, upande ule ule usioona. Ilimbidi ageuze shingo yote juu ya bega ndipo akione kisahani, huku mabeki wanamjia kwa kasi.

Mimi najua shingo hiyo, Mhariri. Mwaka 2006 nilikuwa kibarua kwenye karakana moja ya mageti hapa Dar es Salaam. Kipande cha chuma kiliruka kwenye diski ya grenda kikaniingia jicho la kushoto. Nikalinawa kwa maji ya dumu, nikamwambia msimamizi ni vumbi, nikaendelea na kazi. Baada ya wiki tatu jicho likaota utando mweupe kama maziwa, na halijapona mpaka leo. Nilimwambia mke wangu peke yake, maana fundi wa jicho moja nani atampa kazi? Nikajifunza kumimina chai kwa kugusisha mdomo wa birika kwenye ukingo wa kikombe, kwa sababu jicho moja halikwambii kikombe kiko mbali kiasi gani. Nikajifunza kukaa mwisho wa benchi upande wa kushoto ili wenzangu wote wawe kulia kwangu, asije mtu akanisemesha upande wa giza nikashtuka. Kila fremu niliipima mara tatu. Nilikaa hivyo miaka sita. Siku msimamizi alipogundua, aliniambia nikusanye vifaa vyangu jioni ile ile. Hakuuliza katika miaka sita hiyo ni geti lipi nililolikosea. Hakuna hata moja. Sasa mimi nikisoma habari ya mtu aliyeyafanya hayo barafuni, kwa kasi ile, mbele ya watu wanaomtukana rangi yake, akiwa amevunjwa pua na kung'olewa meno mawili kwa gongo la mchezaji wa Chicago, halafu nikaona mmeandika "tu", nifanye nini? Hiyo 45 mmeihesabu mkisahau meno hayo. Mmesahau pia bao lake la kwanza, la tarehe 1 Januari 1961, dhidi ya Montreal hao hao.

Boston walimhamishia timu ya Montreal mwaka 1961, na ligi kuu hakuirudia tena. Baada yake ilipita miaka 13 kabla ya mweusi mwingine, Mike Marson, kuingia mwaka 1974. Lakini O'Ree hakuacha kucheza, na hili mwandishi wenu angelijua kama angesoma dakika kumi zaidi. Alikwenda ligi ya magharibi, Los Angeles, na huko akahamishiwa winga ya kulia, pasi zikaanza kumjia upande wa jicho linaloona. Msimu wa 1964-65 akafunga mabao 38! Akayafunga tena 38 msimu wa 1968-69 akiwa San Diego. Msimu wake wa mwisho ni 1978-79, ana miaka 43. Mtu huyo mnamwandikia mistari mitano.

Na kwa kuwa nimeshika kalamu, niseme na hili. Leo nina karakana yangu Tabata na vijana watatu. Kila anayekuja kuomba kazi anafika na miwani ya jua ya kununua kwa machinga, anasema inamtosha kukatia chuma. Haitoshi. Ikipigwa na cheche inapasuka na vipande vinaingia machoni. Ukipita barabara yoyote ya mafundi utawaona vijana wamefumba jicho moja mbele ya grenda. Gazeti lako sijaliona likiandika juu yao, na ni wasomaji wako.

Ninachoomba ni hiki. Tarehe 18 Januari ijayo itoeni upya habari ya O'Ree, kwa herufi kubwa kama zile za usajili. Anzeni na ua wa nyumba yao Fredericton, Kanada, ambako baba yake alimwaga maji yagande ili mtoto wa mwisho kati ya 13 ateleze. Wekeni picha ya jezi yake namba 22, ambayo Bruins waliitundika juu ya uwanja wao tarehe kama hiyo mwaka 2022, mwenyewe akiwa na miaka 86. Chini ya picha hiyo wekeni nyingine ndogo ya miwani ya kukingia macho, ile nyeupe iliyoziba pembeni, kwa sababu mafundi hulifungua gazeti kuanzia nyuma. Na mechi 45 ziandikwe 45.

Nitanunua nakala nne, yangu moja na tatu za vijana.

Msomaji wenu,
Fundi mageti,
Tabata, Dar es Salaam