Subiri kwanza kabla hujaagiza samaki

Kampala

Ndugu yangu Musa,

Salaam nyingi kwako, mama watoto na majirani zetu wote wa Bombo. Nimefurahi kusikia tangi lako la samaki wa baharini limefika bila ufa. Lakini hilo la kumpigia mtu wa Mombasa akuletee samaki wiki hii, tafadhali liache. Maji yako yanang'aa, sawa, ila ndani yake hamna bado wa kuyafanyia kazi.

Wafanyakazi wenyewe ni bakteria. Samaki hutoa amonia, uchafu wenye sumu, na mabaki ya chakula yakioza huiongeza. Kundi moja la bakteria huigeuza kuwa nitriti, kundi la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki wengi huivumilia ikiwa kidogo. Wewe umezoea ngege (sato) wa ziwani, kwa hiyo angalia hapa: maji ya bahari yana pH (kipimo cha uasidi na ubesi) ya 8.2 hivi, na pH ikipanda, amonia huzidi kuwa sumu. Kiasi ambacho ngege angekivumilia kinaweza kummaliza samaki wa baharini.

Hao bakteria hushika juu ya vitu, wachache tu ndio huelea. Ndiyo maana nakusisitizia mawe ya matumbawe yenye vitundu vingi kuliko hizo mashine zinazowaka taa. Tena kule ndani kabisa ya jiwe, ambako oksijeni haifiki, hukaa bakteria wengine wanaoigeuza nitrati kuwa gesi ya naitrojeni, ikapanda hewani ikaenda zake. Mimi hapo ndipo huvua kofia.

Basi changanya chumvi maalumu ya akwaria ya baharini, karibu gramu 35 kwa lita, na maji yaliyotolewa klorini. (Chumvi ya Ziwa Katwe waachie wapishi na ng'ombe, ina kaboneti na salfeti nyingi, si mchanganyiko wa bahari.) Joto liwe nyuzi 25 au 26. Panga mawe, washa pampu, kisha tupia kipande kidogo cha nyama ya kamba wa baharini kioze. Pima. Amonia itapanda ishuke, nitriti nayo itafuata njia hiyo hiyo. Mara nyingi huchukua wiki 4 hadi 6. Zote mbili zikisoma sifuri, leta samaki mmoja au wawili, si ukoo mzima.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni umeme kukatika. Bakteria hawa wanahitaji oksijeni kama samaki, na maji ya chumvi hushika oksijeni pungufu kuliko maji ya ziwani yasiyo na chumvi. Nasi huku tuko kwenye mita 1,200 hivi juu ya bahari, hewa yenyewe nyepesi. Nunua pampu ya hewa ya betri kabla ya kununua samaki. Na chujio la kopo (lile lililofungwa, linalokaa nje ya tangi) likizimika kwa saa nyingi, mwaga kwanza maji yaliyolala ndani yake ndipo uliwashe.

Sponji ya chujio usiisuuze bombani, klorini itawaua bakteria. Isuuze kwenye ndoo ya maji uliyoyapunguza kutoka tangini.

Nina sponji moja ya chujio iliyokaa muda mrefu tangini kwangu, imejaa bakteria. Pitia Jumamosi uichukue, itakupunguzia kusubiri. Njoo na ndoo yenye kifuniko. Itasafiri ndani ya maji ya tangi langu, na usisimame Matugga kunywa chai.

Wako,
Idi